Dakta Wilhelm Bleek, Mjerumani wa Cape Town

Kila mmoja wetu aliyepita darasani anazikumbuka ngeli za majina. Mtu, watu, mti, miti, kitu, vitu. Sisi tuliosomea ualimu tulizikariri chuoni, kisha tukaenda kuwakaririsha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku zote hizo hatukujiuliza hata mara moja ni nani aliyekaa kitako akazipa namba, wala ni nani aliyeziita lugha zetu kwa jina la Kibantu. Tulidhani jina hilo lilikuwapo tu, kama milima ilivyokuwapo. Kumbe lilitoka kwa mtu mmoja, mwana wa profesa wa Biblia, mgonjwa wa mapafu, ambaye hakufikisha hata miaka hamsini. Maisha yake yaligusana na Kanisa letu la Anglikana mara nyingi kuliko tulivyotazamia, na ndiyo maana tumeona yafaa tuyasimulie hapa.

Wilhelm Heinrich Immanuel Bleek alizaliwa Berlin tarehe 8 Machi 1827. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa watoto wote wa Friedrich Bleek, mwalimu wa theolojia, ambaye baada ya muda mfupi alihamia Chuo Kikuu cha Bonn na kufundisha huko mpaka mwisho wa maisha yake. Kazi ya baba ilikuwa kuchunguza vitabu vya Biblia: viliandikwa lini, kwa mkono wa nani, na kwa lugha ya namna gani. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana litarudi mbele. Kwa upande wa mama, Wilhelm alikuwa na binamu aliyeitwa Ernst Haeckel, ambaye baadaye alipata sifa kubwa Ujerumani kwa kuyaeneza mafundisho ya Darwin. Binamu huyo naye atarudi.

Kijana Bleek alisoma Bonn na Berlin. Alianza na Kiebrania, kama ilivyotazamiwa kwa mtoto wa nyumba ile, lakini Kiebrania kikamvuta kwenda kwenye lugha za Afrika. Mwaka wa 1851 alipata udaktari kwa kitabu alichokiandika kwa Kilatini, akilinganisha jinsi majina yanavyogawanywa katika lugha za Afrika ya Kusini, Kikopti cha Misri na lugha za Kisemiti. Mpaka siku ile hakuwa amekanyaga Afrika. Alitaka kuonyesha kwamba lugha ya Wakhoi, watu ambao Wazungu waliwaita Wahotentoti, ilikuwa na undugu na lugha za kaskazini mwa bara. Hoja hiyo haikusimama, na wataalamu waliofuata waliiacha. Lakini tumewaona wanafunzi wengi waliofika mahali pema kwa kuanza na jibu lisilo sahihi.

Huko Berlin alipewa kazi nyingine iliyomfaa zaidi. Bwana Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama, alikuwa amerudi kutoka Msumbiji na orodha za maneno ya lugha za pwani na za bara. Bleek alizipanga orodha hizo, zikachapishwa London mwaka wa 1856. Hapo ndipo alipoanza kuona kwa macho yake kwamba lugha za upande wetu zina mifupa ileile.

Mwaka wa 1854 alipata nafasi ya kwenda Afrika, akiwa mtaalamu wa lugha katika msafara wa Dakta Baikie wa mto Niger. Katika msafara huohuo alikuwamo Samuel Ajayi Crowther, ambaye miaka kumi baadaye aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa la Anglikana. Wale waliopanda mto walirudi salama kwa msaada wa kwinini, na safari ile ikasifiwa sana kwa sababu hiyo. Lakini Bleek hakuuona mto. Homa ilimwangusha kisiwani Fernando Po, akarudishwa Uingereza.

Kwa maoni yetu, homa ile ndiyo iliyoyageuza maisha yake. Akiwa Uingereza alikutana na watu wawili: Sir George Grey, Gavana wa Koloni la Cape, na John William Colenso, Askofu wa Natal. Askofu alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kuandika sarufi ya Kizulu. Mwaka wa 1855 wakafika Natal pamoja. Bleek hakukaa kwenye nyumba ya misheni akingoja watu waje kumfundisha. Alikwenda vijijini, akalala kwenye nyumba za Wazulu, akaandika desturi na masimulizi yao, akafika hata kwenye kraali ya mfalme Mpande. Mwishoni mwa mwaka uliofuata alikwenda Cape Town, akawa mkalimani wa Gavana Grey na mtunzaji wa maktaba yake.

Maktaba hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake. Grey alipenda kukusanya vitabu, hasa vitabu na maandiko ya lugha za Afrika na za visiwa vya bahari ya Pasifiki, na wamisionari kutoka kila upande walimpelekea walichokuwa nacho. Humo Bleek alizikuta kazi za Krapf na Rebmann wa CMS, waliokaa Rabai karibu na Mombasa, juu ya Kiswahili, Kikamba na Kinyika. Aliketi akaziweka kando ya Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kiherero na lugha nyingine nyingi, akalinganisha neno kwa neno. Pale Mzulu asemapo umuntu, abantu, sisi twasema mtu, watu. Mtu mmoja mmoja alikuwa ameshaona mfanano huo kabla yake. Bleek ndiye aliyeonyesha jinsi mashine nzima inavyofanya kazi: kila jina lina kiambishi chake cha mwanzo, kiambishi hicho kinaamuru sifa na kitenzi vifuate sauti yake, na viambishi hivyo vinalingana kutoka lugha moja hadi nyingine, hata kama sauti zimebadilika njiani. Akazipa ngeli namba. Profesa Meinhof wa Ujerumani aliichukua hesabu hiyo baadaye akaitengeneza, na ndiyo ambayo wataalamu wanaitumia hata leo, ingawa darasani siku hizi twafundisha kwa A-WA na U-I na KI-VI.

Sarufi yake ya kulinganisha lugha za Afrika ya Kusini ilitoka sehemu ya kwanza mwaka wa 1862 na ya pili mwaka wa 1869, naye hakuimaliza. Kitabu hicho ndicho kilicholieneza jina la Bantu kwa familia yetu ya lugha. Hakuna jina la heshima kuliko hilo, maana maana yake ni watu, basi. Lakini neno halichagui wa kulitumia. Watawala wa Afrika ya Kusini walilichukua wakawaita Waafrika wote kwa jina hilo, wakaitungia hata sheria ya elimu ya Wabantu mwaka wa 1953, iliyokuwa na nia ya kumpa mtoto wa Kiafrika elimu ya chini makusudi. Ndiyo maana mpaka leo Waafrika wengi wa huko hawapendi kuitwa hivyo. Bleek alikuwa kaburini miaka sabini na minane sheria hiyo ilipopitishwa.

Turudi nyumbani kwake. Mwaka wa 1861, katika nyumba ya wageni alimokuwa akipanga, alifika binti mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akingoja meli ya kwenda Uingereza. Jina lake Jemima Lloyd. Baba yake, William Henry Cynric Lloyd, alikuwa Arkidikoni wa Durban katika Kanisa letu. Meli ilikuja, Jemima akaondoka, lakini barua ziliendelea kwenda na kurudi baharini mpaka mwaka uliofuata aliporudi, wakaoana tarehe 22 Novemba 1862. Mwaka huohuo Grey, ambaye alikuwa ameshahamishiwa New Zealand, aliikabidhi maktaba yake kwa maktaba ya umma ya Cape Town, kwa sharti kwamba Bleek ndiye awe mtunzaji. Mshahara haukutosha, na ili nyumba ipate mahitaji yake aliandika makala katika gazeti la Het Volksblad. Walikaa Mowbray, nje kidogo ya mji. Walipata mabinti, na wakazika watoto wawili wachanga. Dada yake Jemima, Bibi Lucy Lloyd, alikuja akakaa nao, na msomaji asimpite bibi huyu haraka, maana bila yeye habari yetu ingeishia nusu.

Sasa yarudi yale ya Biblia. Askofu Colenso, huko Natal, alikuwa ameanza kuchapisha kitabu chake juu ya vitabu vitano vya Musa, akisema kwamba si kila hesabu na tukio lililomo laweza kuchukuliwa kama historia. Kanisa lilitikisika. Mwaka wa 1863 Askofu Robert Gray, aliyekuwa mkuu wa jimbo hilo la Kanisa, alimwita ashitakiwe Cape Town kwa uzushi. Colenso alikuwa Uingereza, hakuja. Aliyesimama kwa niaba yake mbele ya maaskofu, akasoma barua ya kukataa mamlaka ya mahakama ile, alikuwa Dakta Bleek. Wala tusishangae. Maswali ambayo kwa Waingereza yalikuwa moto, kwa kijana wa nyumba ya Profesa Bleek wa Bonn yalikuwa mazungumzo ya mezani. Colenso aliondolewa uaskofu, na mwaka wa 1865 Baraza la Malkia huko London likasema hukumu ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Hatuna nia ya kuihukumu kesi hiyo upya katika gazeti la parokia. Twasema tu kwamba ilihitaji ujasiri kwa mtumishi mdogo wa maktaba, mwenye mke na mshahara haba, kusimama mahali pale katika mji ule.

Mwaka wa 1864 alitoa kitabu cha hadithi za wanyama za Wakhoi, alizozikuta katika maandiko ya wamisionari. Wengi walikuwa wakisema kwamba watu hao hawana fasihi. Lakini kiu yake kubwa ilikuwa juu ya watu wengine, Wasan, wawindaji wa nchi kavu, ambao lugha zao zimejaa vidoko, yaani zile sauti za kupiga ulimi, kama mtu anayeswaga punda. (Waandishi huweka alama maalumu mbele ya majina yao kuonyesha vidoko hivyo. Hapa tumeziacha, watuwie radhi.) Tangu mwaka wa 1857 alikuwa akiwatafuta wafungwa wa Kisan magerezani ili ajifunze kwao, lakini kwa vipande vipande tu.

Yafaa tueleze kwa nini alipaswa kuwatafuta magerezani. Wakulima wa Kizungu walikuwa wakisogea kaskazini na mifugo yao, wakichukua visima na kuwamaliza wanyama wa porini. Wasan waliokosa nyama waliiba kondoo au ng'ombe, nao waliwindwa kwa bunduki, wanaume kwa wanawake. Hakimu mmoja wa serikali, Louis Anthing, alipeleka taarifa ya mauaji hayo Bungeni mwaka wa 1863. Waliokamatwa hai walipelekwa Cape Town, wakatiwa katika gereza la Breakwater, wavunje mawe ya kujengea bandari.

Mwaka wa 1870 Bleek alisikia kwamba Wasan ishirini na wanane wamo gerezani humo. Aliomba kwa Gavana, na tarehe 29 Agosti akaletewa nyumbani kijana mmoja aliyeitwa Akunta. Februari 1871 akaja mzee, Kabbo, ambaye jina lake lamaanisha ndoto. Lugha yao ilikuwa Kixam. Darasa likaanza pale Mowbray: Bleek na Bibi Lucy kwa upande mmoja na madaftari yao, mfungwa kwa upande wa pili, na hapa mwalimu alikuwa yule mfungwa. Walianza na vitu vya kuonyesha kwa kidole na picha za vitabuni. Miezi ikapita, wakafika kwenye sentensi, kisha kwenye hadithi nzima: habari za Vunjajungu aliyemuumba pofu, za mwezi na sungura, za msichana wa kale aliyerusha majivu angani yakawa njia ya nyota. Kila ukurasa uliandikwa Kixam upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Mzee Kabbo alikuwa ameshamaliza kifungo chake. Angeweza kuondoka. Alibaki kwa sababu alipendezwa kwamba masimulizi ya watu wake yangewekwa katika vitabu, na pia alitumaini kupewa bunduki ya kuwindia atakaporudi, maana bila bunduki mtu hakuweza tena kuishi katika nchi ile. Alikuwa akimkumbuka mke wake na akitamani kusikia habari za kwao. Aliondoka Oktoba 1873. Januari 1876 alikufa. Baada yake walikuja wengine, akiwamo Diakwain na dada yake, kisha mkwe wake Kabbo mwenyewe, Hankasso, aliyekuwa fundi mkubwa wa hadithi.

Hapa tuseme na lile lisilopendeza. Bleek aliamini kwamba lugha zinaweza kupangwa kwa daraja, nyingine juu na nyingine chini, na kwamba watu wa lugha zenye ngeli kama zetu hawana vipaji vya ushairi na sayansi kama wale ambao lugha zao hutenga kiume na kike. Msomaji wa Kiswahili anaweza kucheka. Alifikiri pia kwamba Wasan wako karibu na mwanzo wa binadamu, na kitabu chake juu ya asili ya lugha kilitolewa mwaka wa 1868 na binamu yake Haeckel, aliyefurahia sana fikira za namna hiyo. Tena, alisaidia mpango wa Profesa Huxley wa London wa kuwapiga wafungwa picha wakiwa uchi, mbele na ubavuni, kama mifugo mnadani. Watu hawahawa ndio waliokaa nyumbani kwake wakimfundisha. Tumelifikiria jambo hili sana, na hatuwezi kulitolea udhuru kwa kusema zama zile kila mtu alikuwa hivyo, kwa kuwa Askofu Colenso alikuwa mtu wa zama zilezile na alimtetea chifu Langalibalele mbele ya serikali mpaka marafiki zake wakamkimbia. Lakini kadiri Bleek alivyozidi kusikiliza, ndivyo taarifa zake kwa serikali zilivyozidi kuisifu fasihi ya Wasan, naye akaomba fedha ili isipotee.

Mwaka wa 1870 Malkia Victoria alimpa pensheni ya pauni 150 kwa mwaka. Ilisaidia, ila mapafu hayakupona. Alifanya kazi ya kamusi karibu mpaka siku za mwisho, na tarehe 17 Agosti 1875 alifariki dunia, umri wake miaka 48. Alizikwa Wynberg, katika makaburi ya Kianglikana, pamoja na wale watoto wake wawili wachanga waliotangulia.

Katika wosia wake alikuwa amemwomba Bibi Lucy aiendeleze kazi. Bibi Lucy hakuwa na cheti cha chuo chochote. Aliwekwa mahali pa Bleek maktabani kwa nusu ya mshahara, na mwaka wa 1880 akaondolewa ili nafasi apewe mwanamume mwenye shahada, ambaye hakudumu hata miaka mitano. Bibi aliendelea kuandika nyumbani. Sehemu kubwa zaidi ya madaftari yale, yenye kurasa zaidi ya elfu kumi na mbili, ni mwandiko wake. Alitafuta mchapaji kwa miaka mingi bila kufanikiwa. Kitabu kikatoka London mwaka wa 1911, na mwaka wa 1913 Chuo Kikuu cha Rasi ya Tumaini Jema kikampa udaktari wa heshima, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika ya Kusini. Alifariki mwaka uliofuata.

Bleek alipokufa, binti yake Dorothea alikuwa na miaka miwili tu. Hakumkumbuka baba. Alilelewa na mama na mama yake mkubwa Lucy, kwa miaka mingi huko Ujerumani, akasomea ualimu, akarudi Afrika ya Kusini mwaka wa 1904, akafundisha shule ya wasichana huko Cradock. Tukisoma hivyo, sisi walimu wa shule twajisikia kama tumesoma habari za ndugu yetu. Kisha akaacha darasa akaifuata kazi ya baba. Mwaka wa 1910 na 1911 alikwenda Prieska na Kenhardt kuwatafuta wasemaji wa Kixam, akawakuta wachache, wazee, ambao hadithi zilikuwa zimeanza kuwatoka. Leo hakuna hata mmoja. Kixam kimebaki katika madaftari ya Mowbray, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka wa 1997 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia, na katika nembo ya taifa ya Afrika ya Kusini ya mwaka wa 2000, ambayo wito wake umeandikwa kwa lugha hiyo.

Dorothea alifika hata kwetu. Mwaka wa 1930 alikuja Tanganyika, akaenda kwa Wahadzabe karibu na ziwa Eyasi, kusikiliza vidoko vyao na kuvilinganisha na vile vya Wasan. Mwaka uliofuata alichapisha alichokiona. Kamusi aliyoianza baba yake, akaiendeleza Lucy, yeye aliifanyia kazi mpaka alipofariki mwaka wa 1948, nayo ikatoka mwaka wa 1956. Aliwahi kupewa nafasi ya udaktari wa heshima, kama mama yake mkubwa. Aliukataa, kwa kuwa aliona kwamba Dakta Bleek ni mmoja tu.